Usiuze Santuri za Mono: Nilivyompoteza Jim Reeves wa Baba Yangu

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Morogoro aliniandikia ujumbe. Amerithi kasha la santuri kutoka kwa baba yake mdogo, na humo ndani mna kumi na moja za Jim Reeves. "Kaka," aliandika, "karibu zote ni mono. Kuna mtu hapa mjini ananiambia mono zimepitwa na wakati, niziuze kwa jumla kisha nitafute stereo. Wewe unasemaje?" Kwa wasiojua: mono ni rekodi yenye njia moja ya sauti, stereo ina njia mbili, ya kushoto na ya kulia.

Ujumbe ulinikuta ndani ya matatu nikitoka kazini. Nilishuka vituo viwili kabla ya kwangu, nikasimama chini ya mwembe, nikamjibu kwa maneno mawili: usiuze, ngoja. Moyo ulikuwa unanidunda kana kwamba santuri zile ni zangu. Za kwangu niliziuza zamani.

Nimeandika mengi hapa kuhusu sindano, spika na namna ya kuosha santuri, lakini kisa hiki sijawahi kukieleza chote. Leo nakieleza, maana najua wengi mnaonisoma mko kwenye njia ileile niliyopita mimi. Mna kasha la mzee, mna gramafoni mpya mliyoinunua kwa kujinyima, na mnataka siku moja muwe na mkusanyiko ambao mgeni akiingia sebuleni anakaa kimya.

Baba alikuwa karani wa reli mjini Voi. Redio-gramu yake ilikuwa kabati la mbao lenye milango miwili: redio upande mmoja, gramafoni upande wa pili, na chini, nyuma ya kitambaa cha rangi ya kahawia, spika moja. Nasema tena, moja. Jumapili tukitoka kanisani, kabla chai haijachemka, alikuwa ametoa santuri kwenye jalada, akaishika kwa ukingo kwa viganja viwili, akaipitisha kitambaa cha flana kwa kuizungusha, akaipulizia, kisha akateremsha mkono wa sindano polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Hakuna aliyeruhusiwa kuongea mpaka wimbo wa kwanza uishe. Nyuma ya kila jalada, pembeni chini, aliandika jina lake na tarehe aliyoinunua, kwa wino wa buluu. Alikuwa na ule mwandiko wa makarani wa zamani, herufi zote zimelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo.

Kwa walio wadogo: Jim Reeves alizaliwa Texas mwaka 1923, akawa mtangazaji wa redio kabla ya kusikika kama mwimbaji, na akafa tarehe 31 Julai 1964, ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe ilipoanguka karibu na Nashville katika mvua ya radi. Hakutimiza miaka 41. Aliwahi kufika Afrika Kusini na hata akarekodi nyimbo kwa Kiafrikana, lakini kwetu aliingia kwa mlango wa redio, na hakutoka tena. Kuna nyumba Kenya hii ambako Krismasi bila yeye ni siku ya kawaida tu. Vitabu vya muziki vinamwita mwimbaji wa kantri. Kwetu Voi alikuwa sauti ya Jumapili.

Baba alifariki mwaka 2004. Aliniachia santuri 43, zote mono isipokuwa tatu. Kwa miaka saba nilizitunza. Halafu mwaka 2011 nikaalikwa Nairobi kwenye kikao cha wapenzi wa santuri. Kila mmoja alileta moja, ikapigwa kwenye mtambo wa mwenyeji, mtambo wa bei ya gari. Nilibeba A Touch of Velvet, santuri ya Jim Reeves ya mwaka 1962, yenye wino wa baba nyuma. Mwenyeji alitazama lebo, akaona ni mono, akairudisha mikononi mwangu bila kuiweka. Akasema mbele ya watu kumi na wawili kwamba mtambo wake haupigi mono, na kwamba sikio langu bado liko kijijini. Watu walicheka. Nilicheka pia.

Sijasahau kicheko kile. Mtu akikwambia nguo yako mbaya utavua, lakini sikio utalivuaje? Nilirudi nyumbani usiku ule kwa basi, santuri nimeipakata, na kabla hatujafika Mtito Andei nilikuwa nimeshaamua kuziuza zote.

Niliziuza. Mfanyabiashara mmoja alizichukua kwa shilingi 150 kila moja, jumla shilingi 6,450, akanihesabia noti juu ya meza huku santuri zikiwa bado kwenye kasha lao la chai. Alipofungua jalada la kwanza na kuona wino wa buluu alisema, "Hizi zimeandikwaandikwa, zinapunguza bei." Sikujibu kitu. Nikanunua za stereo, nyingine kwa njia ya mtandao kutoka Uingereza, moja baada ya nyingine, kwa miaka miwili. Nilitumia pesa ambazo sitaziandika hapa, maana mke wangu naye anasoma.

Miezi ya kwanza nilifurahi. Vyombo vimetawanyika sebuleni, besi huku, waitikiaji kule, nikakaa katikati kama mfalme. Lakini kadiri siku zilivyokwenda, nilianza kugundua kwamba siwashi. Jumapili inapita, gramafoni imefunikwa. Nikidhani ni spika, nikabadilisha spika. Nikidhani ni sindano, nikabadilisha sindano. Kuna santuri moja hasa, mkusanyo wa nyimbo zake za zamani, ambayo kila nikiipiga kichwa kilikuwa kinaniuma baada ya wimbo wa tatu. Sauti ilikuwa imelowa mwangwi, kifua cha mwimbaji kiko kushoto na meno yake yako kulia. Niligeuza jalada nikalisoma kwa mara ya kwanza kwa makini, na pale kwenye namba nikaona kiherufi kidogo ndani ya mabano: (e).

Hapo ndipo elimu yangu ilipoanzia, na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Stereo zilipoingia madukani Marekani mwaka 1958, makampuni yalikuwa na ghala zima la nyimbo zilizorekodiwa kwa mono, na wateja wakaanza kuulizia stereo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 RCA, kampuni iliyokuwa ikitoa santuri za Jim Reeves, ilianza kuzichukua rekodi za mono na kuzigeuza stereo kwa mitambo: sauti nzito zinasukumwa upande mmoja, nyembamba upande mwingine, upande mmoja unacheleweshwa kidogo, na mwangwi unamwagwa juu. Wao waliiita stereo ya kielektroniki, ndiyo ile (e). Makampuni mengine yalikuwa na majina yao. Mimi naiita stereo ya uongo, kwa sababu hakuna kitu ndani yake kilichotoka studio kikiwa kimekaa pale kilipowekwa. Wimbo wa Four Walls, uliomtoa Jim Reeves kutoka kwenye kuimba kwa sauti ya juu hadi kwenye ule ulaini tunaomjua nao, aliurekodi mapema mwaka 1957. Stereo hazijaingia sokoni. Alisogea karibu kabisa na maikrofoni akaimba kwa sauti ya chini, na ukaribu ule ndio ukawa jina lake maisha yake yote. Sasa umchukue mtu aliyesogea hivyo, umpasue vipande viwili na kummwagia mwangwi? Unakuwa umemrudisha mwisho wa ukumbi.

Mimi niliuza ukaribu ule kwa shilingi 150, nikanunua mwangwi kwa pesa za kigeni.

Lakini nisiwapotoshe mkadhani kila stereo ni ya uongo. Zipo za kweli, na ni nzuri. Mwaka 1957 ilijengwa pale Nashville studio ya RCA ambayo dunia inaijua kama Studio B, na mwaka 1959 akaingia fundi mitambo anayeitwa Bill Porter. Chumba kilikuwa na tabia ya kuvuma kwenye noti fulani, basi Porter akakata mbao laini za nyuzi za kioo kwa umbo la pembetatu, akazining'iniza darini kuvunja ule mvumo, kisha akatembea chumbani akitafuta mahali sauti isipovuma na kutia alama za X sakafuni. Hapo ndipo waimbaji walisimama. Tarehe 15 Oktoba 1959, chini ya usimamizi wa Chet Atkins, Jim Reeves alirekodi He'll Have to Go. Floyd Cramer yuko kwenye piano, Marvin Hughes kwenye vaibrafoni (ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa), Bob Moore kwenye besi, na kundi la Anita Kerr linaitikia. Vyombo vichache, kila kimoja kinakanyaga taratibu. Mwanzoni wimbo huu uliwekwa upande wa pili wa santuri ndogo, watangazaji wa redio wakaigeuza wenyewe. Mwaka 1960 ulikaa nambari moja kwenye chati ya kantri ya Marekani kwa wiki 14, na kwenye chati kuu ukafika nambari mbili.

Huo nina mono yake na stereo yake ya kweli, na nimezipambanisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Stereo yake ni safi. Unasikia vaibrafoni ikining'inia peke yake hewani, unasikia waitikiaji wamesimama mahali pao, unasikia ukubwa wa chumba. Mtu anayependa kujua nani alifanya nini studioni aitafute hiyo. Lakini fikirini wimbo wenyewe unasema nini. Mwanamume yuko baa, amempigia simu mwanamke, anamwomba asogeze mdomo karibu na simu. Simu husikika kwa sikio moja. Kwenye mono, vyombo vyote viko nyuma yake, mstari mmoja, na yeye yuko mbele, hakuna kitu kushoto wala kulia cha kukuvuta macho. Anaposhuka kwenye ile noti ya chini mwishoni mwa mstari, unasikia pumzi imebaki kidogo tu, na pumzi ile iko palepale pa sauti. Kwenye stereo nikisikiliza najikuta nafuata vaibrafoni. Kwenye mono namsikiliza mtu.

Na mkumbuke kwamba mono ndiyo iliyokuwa inalipa mishahara. Redio ilikuwa mono, mashine za muziki za baani zilikuwa mono, nyumba nyingi zilikuwa na spika moja kama ya baba. Matangazo ya stereo kwenye masafa ya FM yalianza Marekani mwaka 1961, na huko kwenyewe ilichukua miaka watu kuyazoea. Fundi aliyetaka wimbo uuze aliusawazisha usikike vizuri kwenye spika moja ndogo. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema mono ni toleo la maskini. Kwa wimbo wa miaka ile, hilo ndilo lililokuwa toleo lenyewe.

Sasa niwaambie jaribio lililonifungua macho. Ilikuwa Desemba 2013, nimekwenda Voi kwa mama. Nilibeba gramafoni ndogo na spika mbili, na santuri nne: mono moja ya A Touch of Velvet niliyoipata kwa bahati katika soko la mitumba, stereo yake ya kweli, mkusanyo wa stereo ya uongo, na mono ya nyimbo zilezile za mkusanyo. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni anamenya mbaazi, ungo miguuni. Hajui mono, hajui stereo, na sikumwambia kitu. Nilianza na ile ya uongo. Akamenya kama maganda matano hivi, akasema bila kuinua kichwa, "Huyu anaimbia kisimani." Nikabadilisha, nikaweka mono ya wimbo uleule. Mkono ukasimama. Akaniuliza, "Umeipata wapi ya baba yako?"

Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara moja kabla ya kurudi.

Niliporudi nikampigia A Touch of Velvet ya stereo. Wimbo wa Welcome to My World ulipoanza akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Hii nzuri. Ila ni kama umeingia nyumbani ukakuta viti vimehamishwa." Kisha mono yake. Hiyo hakuisemea neno. Aliimba nayo.

Tangu siku hiyo sijawahi kumwachia mtu mwenye mtambo wa bei ya gari anifundishe kusikia. Na leo nawaambia ninyi mlio vijana mnaoanza: sikio la mtu aliyesikia wimbo mara elfu moja Jumapili elfu moja ni kipimo ambacho hakiuzwi dukani. Kaeni na wazee wenu. Wapigieni. Msiwaambie ni toleo gani.

Mnanidai ushauri wa vitendo, na mtaupata. Mkipambanisha matoleo mawili, jambo la kwanza ni kusawazisha sauti. Santuri mbili hazitoki na nguvu moja, na ile iliyo juu kidogo itakushinda akili, utasema ndiyo bora. Zungusha kitufe mpaka sauti ya mwimbaji, siyo ya ngoma, iwe sawa kwa zote mbili. Mimi nilipoteza miezi nikisifia stereo moja ambayo kumbe ilikuwa imekatwa kwa sauti ya juu tu.

La pili, hakikisheni mnapambanisha rekodi moja. Jim Reeves alirudia baadhi ya nyimbo zake. Am I Losing You aliirekodi katika miaka ya 1950 ikapanda chati, kisha akairekodi upya, na mwaka 1960 ikapanda tena. Jina moja, rekodi mbili. Niliwahi kubishana na mtu usiku kucha kwa simu kuhusu mono na stereo ya wimbo huo, hadi alfajiri tukagundua kila mmoja anapiga rekodi tofauti. Someni tarehe. Someni lebo. Kwa santuri za Marekani za RCA namba zinazoanza na LPM ni mono na LSP ni stereo. Za Uingereza, RD ni mono na SF ni stereo. Mkiona (e) ndani ya mabano baada ya namba ya LSP, rudisheni mfukoni pesa yenu.

Halafu ile swichi ya mono kwenye amplifaya, ambayo wengi mnadhani ni pambo. Kwenye santuri ya mono, mtaro ambamo sindano hupita unayumba kushoto na kulia tu. Kwenye stereo kuta mbili za mtaro zimegawana kazi, kila ukuta umelala kwa nyuzi 45 na unabeba njia yake, kwa hiyo sindano ya stereo huyumba na pia hupanda na kushuka. Ukipiga mono kwa sindano ya stereo, chochote inachookota kwa kupanda na kushuka si muziki. Ni vumbi, ni mikwaruzo, ni uchakavu wa miaka 60. Bonyeza swichi, njia mbili zinajumlishwa, na sehemu kubwa ya kelele ile inajifuta yenyewe. Mara ya kwanza nilipobonyeza nikiwa na santuri ya baba mmoja wa Kibwezi, iliyokuwa inatoa mchakacho kama mafuta ya kukaangia, mwimbaji alitokea kama mtu aliyetoka kwenye moshi. Watu wanatupa santuri nzima kwa sababu hawajabonyeza kitufe kimoja.

Kuhusu sindano: za mono za zamani zilikuwa na ncha ya takriban maikromita 25, za stereo takriban 18. Yenye ncha nyembamba hupiga mono bila kuiumiza. Kinyume chake ni hatari, maana vichwa vya mono (vile vifaa vinavyoshika sindano) vya miaka ya 1950 ni vigumu, havipandi wala kushuka vizuri, na vitakwangua kuta za stereo yako. Na sindano ya zile santuri za mizunguko 78 kwa dakika msiikaribishe kabisa kwenye nyingine. Hayo matatu yanatosha kwa anayeanza.

Spika nitasema kwa kifupi. Stereo bila spika zilizopangwa ni bure. Nimeingia nyumba ambako moja iko juu ya friji na nyingine nyuma ya mlango, na mwenye nyumba ananieleza upana wa stereo. Kama hamna nafasi ya kuziweka sawasawa na kukaa katikati, mono itawatendea haki zaidi. Na kwa mono, jaribuni spika moja. Zimeni ya pili. Sogezeni kiti.

Msinunue kabla ya kusikiliza. Nimeshalisema na nitalirudia, kwa sababu hilo ndilo lililoniponza. Mimi nilinunua kwa aibu. Kicheko cha watu kumi na wawili kilinifanya niuze kitu ambacho sikio langu lilikuwa linakijua tangu utotoni, na nikakaa miaka miwili nikijilazimisha kupenda kingine. Wangapi kati yenu mna santuri ambazo mnazisifia mbele za wageni na hamzipigi mkiwa peke yenu? Jiulizeni hilo usiku wa leo. Mkusanyiko wa kuonyesha watu utawamaliza pesa na bado utawaacha na njaa. Ule wa kusikiliza unaweza kuwa na santuri nane tu.

Na ninyi mnaoendesha vikao, mpokeeni mtu na santuri aliyoleta. Iwekeni. Hata kama imekwaruzika, hata kama ni mono, hata kama jalada limefungwa kwa gundi ya karatasi. Aliyebeba santuri kwenye basi kwa saa nane ana sababu.

Mwenyeji yule wa mwaka 2011 alinipigia simu mwezi uliopita. Hakutaja siku ile, nami sikuitaja. Aliniuliza kama ninajua mahali atakapopata mono za Jim Reeves za miaka ya 1959 hadi 1964 zilizo safi, maana amesoma kwamba watu wa Ulaya sasa wanazitafuta. Nilimweleza yote ninayojua, namba, lebo, swichi. Kisha nikamwuliza mtambo wake unapigaje mono. Akanyamaza kidogo, akasema amenunua kichwa kipya.

Kaka wa Morogoro, sasa nakujibu kikamilifu. Santuri zako za mono usiuze. Zioshe kwa maji yaliyochujwa na tone moja la sabuni laini, usiguse lebo, zikaushe zikiwa zimesimama. Stereo mbili ulizonitumia picha zake, ile ya SF ni ya kweli, iweke. Ile nyingine ina (e), fanya nayo utakavyo. Na hiyo yenye wimbo wa Distant Drums usishangae ukiisikia tofauti na nyingine. Jim Reeves aliuimba kama rekodi ya majaribio tu, vyombo vikaongezwa baada ya kifo chake, na mwaka 1966, miaka miwili akiwa kaburini, ukakaa nambari moja Uingereza kwa wiki tano. Humo sauti na bendi havikuwahi kukaa chumba kimoja. Isikilize kwa spika moja, utasikia mshono.

Nami nina ombi kwa wote. Katika zile 43, nimeshazirudisha tisa: mbili Mombasa, moja Nakuru, zilizobaki Nairobi, zote nimezitambua kwa wino. Moja niliilipia shilingi 4,000, na niliilipa bila kubishana bei. Ile niliyorudi nayo kwenye basi usiku ule bado sijaiona. Ni A Touch of Velvet, mono, kona ya juu ya jalada imeng'atwa na panya, na nyuma, pembeni chini, kuna jina la karani wa reli na tarehe ya Desemba 1963 kwa wino wa buluu uliolala upande wa kulia. Ukiikuta sokoni, usibishane bei. Ilipie, nitakurudishia.